Kupima mwendo wa kifundo cha mguu kwa picha: mwongozo wa vitendo kwa wanafunzi na watoa huduma wa Mwanza

Ukiweka goniomita (rula ya kupimia pembe za viungo) ubavuni mwa mguu wa mgonjwa, ukamwambia akunje wayo kwenda juu, ukasoma nyuzi 20, namba hiyo ni jumla. Ndani yake umo mwendo wa kiungo chenyewe cha kifundo, umo mwendo wa kiungo kilicho chini yake, na umo mlegeo wa mifupa ya katikati ya wayo. Mtu ambaye kifundo chake kimekakamaa baada ya kuvunjika anaweza kukuonyesha nyuzi zile zile kwa sababu upinde wa wayo umelegea na sasa unafanya kazi isiyo yake. Tunaandika kwenye faili kwamba amepona, anarudi Mwaloni Kirumba kubeba magunia ya dagaa, kisha baada ya miezi anakuja na maumivu ya katikati ya wayo ambayo hakuna anayejua yametoka wapi.

Picha ndizo zinazoweza kutenganisha mifupa hiyo na kusema ni upi uliosogea na kwa kiasi gani. Kazi hii haihitaji kusubiri mashine za mabilioni. Sehemu kubwa yake inafanyika kwa eksirei ya kawaida, altrasaundi, boksi la seremala na kompyuta yenye programu ya bure. Nimeandika mwongozo huu kwa wanafunzi wa radiolojia na fiziotherapia, na kwa yeyote aliye katika hospitali ya wilaya Kanda ya Ziwa anayetaka kulichunguza jambo hili kwa umakini.

Ijue kwanza mifupa unayoifuatilia

Mfupa wa muundi na fibula, ule mwembamba wa upande wa nje, hushuka pamoja na kutengeneza uma, na katikati ya uma huo hukaa mfupa wa talusi, kama gurudumu la mbele la baiskeli linavyokaa kwenye uma wake. Hapo ndipo wayo unapokunjwa juu na kunyooshwa chini. Kwa mtu mzima mwenye afya, kukunja juu hufika karibu nyuzi 20 na kunyoosha chini karibu nyuzi 50. Kutembea kwenye tambarare hudai kama nyuzi 10 tu za kukunja juu. Kuchuchumaa, kupanda ngazi za mawe za Mabatini au Igogo, na kusukuma mtumbwi kutoka mchangani hudai zaidi, na ndiyo maana mgonjwa wa hapa anaweza kufaulu kipimo cha kitabuni na bado akashindwa kufika nyumbani kwake.

Talusi ni pana mbele kuliko nyuma. Wayo unapokunjwa juu, sehemu pana huingia kwenye uma na kiungo hukaza. Unaponyooshwa chini, sehemu nyembamba ndiyo iliyo ndani na kiungo hulegea kidogo. Hii ni sababu mojawapo ya watu wengi kuteguka wayo ukiwa umenyooshwa chini na kugeukia ndani.

Chini ya talusi kuna kiungo cha pili, kati yake na mfupa wa kisigino. Mhimili wa kiungo hiki umelala mshazari: umeinuka kwa wastani wa nyuzi 42 kutoka usawa wa ardhi na kuelekea upande wa ndani wa wayo. Kwa hiyo hakuna mwendo wa kifundo ulio wa bapa moja tu. Ukikunja, unageuza kidogo. Ukigeuza, unakunja kidogo. Ukilielewa hili utajua kwa nini picha moja ya ubavuni haitoshi kwa kila swali.

Amua swali kabla ya kuchagua mashine

Wanafunzi wengi huanza na mashine iliyopo kisha hutafuta swali la kuitumia. Geuza mpangilio. Ukitaka kujua mfupa upi unakunjika na upi umekakamaa, eksirei za kusimama zinatosha. Ukitaka kujua kama ligamenti ya nje imelegea au kano inaruka kutoka mahali pake, nenda kwenye altrasaundi. Swali linalohusu mwendo wenyewe ukiwa unatokea, mguu ukiwa unakanyaga, ni la fluoroskopia, yaani eksirei inayoonyesha mwendo kama video. Na anayetaka kuiona mifupa kwa pande zote tatu anahitaji CT au MRI.

Andika swali hilo kwa sentensi moja. Mfano mzuri: "Kwa wanaume waliovunjika kifundo miezi 12 iliyopita, ni nyuzi ngapi za kukunja juu zinatoka kwenye kiungo cha kifundo, na ngapi zinatoka chini na mbele ya talusi, ukilinganisha na mguu usiovunjika?" Sentensi hiyo imeshakuambia nani, nini, na unalinganisha na nini.

Kibali, mionzi na ridhaa

Picha inayopigwa kwa ajili ya tiba ina sababu yake. Picha inayopigwa kwa ajili ya utafiti inadai sababu nyingine, na sababu hiyo huipeleka kwanza kwenye kamati ya maadili. Kwa Mwanza kuna kamati ya pamoja ya CUHAS (chuo kikuu cha afya cha Kikatoliki) na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, nayo ina kituo chake mjini. Matumizi ya mionzi yanasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania chini ya Sheria ya Nguvu za Atomu ya mwaka 2003, kwa hiyo hakikisha chumba na mashine unavyotumia vina leseni hai.

Eksirei moja ya kifundo hutoa kiasi kidogo sana cha mionzi, kipatacho milisiveti 0.001. Mionzi ya asili tunayoipata sote kutoka ardhini, angani na kwenye chakula ni wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka duniani, yaani picha moja ni sawa na saa chache za kuishi tu. Mweleze mshiriki hivyo hivyo, kwa Kiswahili au Kisukuma, bila kumtisha na bila kumficha. Hata hivyo usipige picha ya saba kama sita zinajibu swali. Muulize kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa kama ana ujauzito. Watoto waache nje, isipokuwa swali lako ni la watoto.

Na mtu aliyeteguka leo asipelekwe kwenye utafiti wa mwendo kabla hajachunguzwa. Kanuni za Ottawa za mwaka 1992, za kuamua nani anahitaji eksirei, bado ni msaada mkubwa: bonyeza ukingo wa nyuma wa sentimita 6 za mwisho za nundu ya nje na ya ndani (mifupa miwili inayochomoza pembeni mwa kifundo), kisha mwombe apige hatua nne. Akiumia ukibonyeza mfupa hapo, au akishindwa hatua hizo, anahitaji eksirei ya tiba. Kusimama kwenye boksi lako kutasubiri.

Tengeneza boksi

Hiki ndicho kifaa muhimu kuliko vyote na ndicho kinachopuuzwa zaidi. Mgonjwa akilala kitandani, wayo haubebi uzito na mifupa haikai inavyokaa akisimama. Kwa hiyo lazima asimame, na lazima kifundo kifike kwenye usawa wa mwale wa eksirei, kwa kuwa tyubu nyingi haziwezi kushuka mpaka sakafuni.

Mwambie seremala akutengenezee boksi la mbao la kupanda, imara, lenye upana wa kutosha miguu miwili na mfereji mwembamba wa kusimamisha kaseti (bamba linalopokea picha ya eksirei) katikati ya nyayo. Sehemu ya juu iunganishwe kwa gundi na vijiti vya mbao. Misumari na skrubu zitaonekana kwenye picha. Weka fimbo ya kushikilia mbele, maana mzee mwenye kifundo kibovu hawezi kuyumba juu ya boksi bila kitu mkononi. Kisha tandika waya mwembamba ulionyooka juu ya ubao, sambamba na wayo, na uugundishe. Waya huo utatokea kwenye kila picha kama mstari mweupe, na huo ndio mstari wako wa sakafu. Bila huo utakuwa unakisia.

Kwa urefu na umbali unahitaji kipimo kinachojulikana ndani ya picha. Nenda gereji ukaombe gololi ya beringi, ipime kwa venia (kalipa ya kupima milimita), andika kipenyo chake, na uibandike kwa utepe ubavuni mwa mguu kwenye usawa wa mfupa unaoupima. Eksirei hukuza kila kitu kilicho mbali na kaseti. Pembe haziharibiwi na kukuzwa huko, lakini milimita zinaharibiwa.

Piga picha tatu za ubavuni

Tyubu iwe sentimita 100 kutoka kwenye kaseti, umbali huo huo kwa kila mtu. Kwa kifundo cha mtu mzima, kV 55 hadi 60 kwa kawaida hutosha. Elekeza mwale wa katikati kwenye usawa wa nundu ya ndani na ubane eneo la mwanga. Unataka theluthi ya chini ya mfupa wa muundi mpaka vidole vianze, si zaidi.

Picha ya kwanza: amesimama wima, uzito sawa miguu yote.

Picha ya pili: mguu unaopimwa unabaki pale pale, goti linakwenda mbele juu ya kidole cha pili mpaka mwisho. Mwambie kwa maneno yanayoeleweka: "Shikamoo mzee. Shika fimbo. Sasa peleka goti mbele taratibu, kisigino kisiinuke." Weka karatasi chini ya kisigino na uivute, ikitoka, kisigino kimeinuka na zoezi linarudiwa kabla ya kupiga. Goti likikimbilia ndani, upinde wa wayo unaanguka na utapata nyuzi za uongo, kwa hiyo simama mbele yake umtazame kabla mwenzako hajapiga.

Picha ya tatu: wayo unatangulia mbele, mwili unarudi nyuma, mpaka sehemu ya mbele ya wayo inakaribia kuinuka. Hii ni kunyoosha chini kwa kubeba uzito. Haifiki mwisho wa mwendo. Ukitaka mwisho kabisa, mketishe anyooshe wayo hewani, lakini picha hiyo iweke kwenye safu yake. Usiichanganye na za kusimama.

Kila picha ikaguliwe papo hapo. Picha sahihi ya ubavuni ni ile ambayo kingo mbili za kuba la talusi, ya ndani na ya nje, zimelaliana zikawa mstari mmoja. Zikionekana mbili, mguu umezunguka na pembe utakayopima itakuwa na kosa.

Ongeza picha moja ya mbele kama swali lako linagusa uimara: mguu ugeuzwe ndani nyuzi 15 hadi 20, mpaka nundu zote mbili ziwe na umbali sawa kutoka kwenye kaseti. Hapo nafasi kati ya talusi na nundu ya ndani haipaswi kuzidi milimita 4. Usiidharau milimita hiyo. Mwaka 1976 watafiti Ramsey na Hamilton walionyesha kwa vifundo vya maiti kwamba talusi ikisogea nje milimita 1 tu, eneo la kugusana kwa gegedu hupungua kwa asilimia 42. Mzigo ule ule unabebwa na gegedu kidogo zaidi.

Pima pembe

Hifadhi picha katika DICOM, muundo wa faili wa picha za hospitali. Usipige picha ya skrini kwa simu: ukiinamisha simu kidogo pembe zinabadilika, na WhatsApp hupunguza ubora. Fungua faili kwa ImageJ, ambayo ni ya bure na ina kifaa cha kupima pembe. Kabla ya hapo ondoa jina la mgonjwa, ambalo huwa limejificha ndani ya faili lenyewe hata kama halionekani kwenye picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu wewe pia. Tumia namba za siri, na orodha ya majina ifungiwe kwingine.

Sasa chora mistari mitatu. Wa kwanza ni mhimili wa muundi: tafuta katikati ya mfupa sentimita 5 juu ya kiungo, kisha sentimita 10 juu, unganisha nukta hizo mbili. Wa pili ni waya wa sakafu. Wa tatu ni wa talusi, na huu ndio mgumu, kwa kuwa talusi haina umbo la mstari. Chagua nukta mbili unazoziona wazi kwenye picha zote tatu, kwa mfano ncha ya nyuma ya talusi na ukingo wa juu wa kichwa chake mbele. Njia ninayoiamini zaidi ni ya kunakili: chora umbo lote la talusi kwenye picha ya kwanza pamoja na mstari wake, kisha lizungushe umbo hilo likae juu ya talusi ya picha ya pili. Mstari unafuata wenyewe, nawe hukisii nukta upya. Wasio na kompyuta wanaweza kufanya hivyo hivyo kwa plastiki angavu na kalamu juu ya filamu.

Hesabu ni ya kutoa tu. Tuseme pembe kati ya muundi na sakafu ilikuwa nyuzi 90 akisimama na 62 alipopeleka goti mbele. Jumla ya kukunja ni nyuzi 28. Pembe kati ya muundi na talusi ilibadilika kwa nyuzi 17. Basi nyuzi 17 zimetoka kwenye kifundo chenyewe na 11 zimetoka chini na mbele ya talusi. Mguu wa pili wa mtu huyo huyo ukikupa jumla ya 27, kati yake 22 za kifundo na 5 za kwingine, umeona kitu ambacho goniomita isingekuonyesha kamwe. Miguu miwili ina jumla zinazokaribiana, lakini mmoja unaishi kwa kuutumikisha upinde wa wayo.

Ukitaka kugawa zile 11, chora mstari wa nne chini ya mfupa wa kisigino. Badiliko kati ya talusi na kisigino ni la kiungo cha chini. Badiliko kati ya kisigino na sakafu ni la upinde.

Altrasaundi kwa vitu laini

Hapa hakuna mionzi, na unaona mwendo ukitokea. Tumia kichwa cha mashine (kile unachokishika mkononi) kilichonyooka, cha megahezi 10 au zaidi, na jeli nyingi, kwa sababu ngozi ya kifundo ina mabonde. Kwa ligamenti ya nje ya mbele, ile inayoumia mara nyingi zaidi, weka ukingo mmoja wa kichwa kwenye ncha ya fibula na mwingine uelekee talusi, karibu sambamba na wayo. Wayo uwe umenyooshwa chini kidogo na kugeuzwa ndani. Pima umbali kati ya fibula na talusi mguu ukiwa umetulia, kisha msaidizi avute kisigino mbele huku muundi umeshikwa, pima tena. Fanya hivyo mguu wa pili. Tofauti ya miguu miwili ina maana kuliko namba ya mguu mmoja, kwa sababu kuna watu wanaozaliwa na viungo vilegevu.

Kosa la kawaida la altrasaundi ni kivuli cha uongo. Mawimbi yasipoigonga kano kwa pembe mraba, kano nzima huonekana nyeusi kana kwamba imechanika. Yumbisha kichwa taratibu. Weusi ukiondoka, haikuwa jeraha. Rekodi video fupi badala ya picha moja, ili mwingine aweze kuihukumu.

Fluoroskopia, CT na MRI kwa ufupi

Mashine ya Si-aam (C-arm), ile ya fluoroskopia yenye mkono wa umbo la C ya chumba cha upasuaji, inaweza kuonyesha kifundo kikisogea. Mguu hukaa chini karibu sekunde 0.6 katika kila hatua ya kawaida, kwa hiyo kwa picha 15 kwa sekunde utapata kama 9 tu, na nyingine zitakuwa na ukungu wa mwendo. Mwambie mshiriki atembee polepole, na uandike kwamba alitembea polepole. Mashine moja huona vizuri mwendo wa bapa lake na vibaya mwendo unaoikaribia au kuiacha. Maabara zenye uwezo hutumia mashine mbili kwa pamoja na kulinganisha vivuli na mifupa iliyochukuliwa kwa CT. Kabla yao, miaka ya 1980, Arne Lundberg na wenzake nchini Sweden walipandikiza vipunje vya tantalamu kwenye mifupa ya watu waliojitolea na kufuatilia vipunje hivyo kwa eksirei za pande mbili. Mengi tunayojua kuhusu mhimili wa kifundo kubadilika kadiri wayo unavyosogea yalitoka huko.

MRI haina mionzi na huonyesha gegedu, lakini mgonjwa amelala na mguu umetulia. Utahitaji kishikio cha mbao au plastiki kisicho na chuma chochote cha kuushikilia wayo katika pembe tatu au nne, na upigaji mmoja utachukua muda mrefu. Programu ya 3D Slicer, nayo ya bure, itakusaidia kuchonga mifupa kutoka kwenye picha za CT au MRI.

Pima kosa lako mwenyewe

Kabla ya kupima wagonjwa wote, chukua picha chache, zipime, ziache wiki moja, zipime tena bila kuangalia majibu ya kwanza. Mwenzako naye azipime kivyake. Andika tofauti za kila jozi. Kama wewe na mwenzako mnapishana nyuzi 3, huna ruhusa ya kudai kwamba tiba imeongeza nyuzi 2. Wanatakwimu Bland na Altman walieleza mwaka 1986 njia rahisi ya kuchora tofauti hizo kwenye grafu, na ni bora kuliko kuripoti uwiano mzuri wa namba zinazokubaliana kwa jumla tu.

Ratiba nayo ni sehemu ya ubora. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza na hupumzika mbalamwezi ikiwa kali. Waite wakati huo. Mtu wa Ukerewe anakuja kwa meli, kwa hiyo mipimo yake yote ipangwe siku moja, na saa ile ile ya siku kama utampima tena, kwa kuwa kifundo kilichovimba jioni hakisogei kama cha asubuhi.

Unachoandika kwenye ripoti

Taja kama mguu ulibeba uzito au la, umbali wa tyubu, nukta ulizotumia kwenye talusi, nani alipima na kwa mara ngapi, na kosa la upimaji kwa nyuzi. Toa namba tatu kwa kila mguu: jumla, ya kifundo, na ya kwingine. Nakala moja ipelekwe kwa daktari bingwa wa mifupa anayemtibu mgonjwa na nyingine kwa mfiziotherapia wake, ili kama kifundo ndicho kilichokakamaa, mazoezi yalenge kifundo na upinde wa wayo upumzishwe.